Sukari, Msuli na Jeni Baada ya Hedhi Kukoma: Utangulizi

Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mgeni wa taaluma hii anafaa aanze nalo. Waliwachukua vijana 23, wake kwa waume, wakawataka wafanyishe mazoezi mguu mmoja tu: kukunja na kunyoosha goti kwa dakika 45, mara nne kwa wiki, miezi mitatu mfululizo. Mguu wa pili uliachwa upumzike. Mwishoni zilichukuliwa sampuli za msuli wa paja kutoka pande zote mbili, zikalinganishwa. Miguu hiyo ilikula chakula kimoja, ililala usingizi mmoja, ilirithi jeni zilezile kwa baba na mama walewale. Hata hivyo, katika mguu uliofanya kazi, karibu sehemu 5,000 za DNA zilikuwa zimebadilika alama zake za kikemikali, na maelfu ya jeni yalikuwa yakisomwa kwa kiwango tofauti na yale ya mguu jirani. Herufi zenyewe za DNA hazikuguswa. Kilichobadilika ni namna mwili unavyozisoma.

Wale walikuwa vijana. Je, mama wa miaka 55, ambaye hedhi yake imekoma miaka minne iliyopita, kitambi kimeanza kumjia bila kualikwa, na muuguzi amemwambia kwamba sukari yake "inakaribia mpaka", naye msuli wake ungeitikia hivyo? Swali hilo ndilo lililoizaa taaluma ninayomkaribisha msomaji hapa. Ni taaluma changa, na wakazi wake wametoka kwenye vijiji vitatu ambavyo zamani havikutembeleana sana: wataalamu wa homoni za uzazi, wataalamu wa kisukari, na wale wanaochunguza jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ushahidi tulio nao unaonyesha kwamba msuli wa mwanamke aliyekoma hedhi unaendelea kuitikia kazi, kwa njia isiyoisubiri estrojeni wala kusubiri uzito upungue. Ila mwitikio huo hauwekwi akiba. Usiporudiwa, unaondoka.

Tuanze na sukari. Mtu akishakula ugali au wali, wanga husagwa kuwa glukosi na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, na insulini huziambia seli zichukue glukosi hiyo. Wengi hudhani ini au mafuta ndiyo hupokea mzigo mkubwa. Sivyo. Katika vipimo ambavyo mtu huwekewa insulini na glukosi kwa mshipa ili kiwango cha sukari kisiyumbe, mbinu iliyoelezwa mwaka 1979 na Ralph DeFronzo na wenzake, sehemu kubwa kabisa ya glukosi inayochukuliwa huenda kwenye misuli ya mifupa: mapaja, makalio, mgongo, mashavu ya miguu. Kwa hiyo anayetaka kujua sukari ya mtu inaendaje baada ya mlo, na aitazame misuli yake kwanza.

Glukosi haipenyi ukuta wa seli ya msuli yenyewe. Hubebwa na protini iitwayo GLUT4, iliyotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtu akiwa amepumzika, protini hizi hukaa ndani ya seli kwenye vifuko vidogo, hazina kazi. Insulini ikifika, vifuko husogea hadi ukutani na GLUT4 huanza kuingiza sukari. Katika kisukari cha aina ya pili na katika hatua zinazokitangulia, insulini ipo, mara nyingi tele, lakini amri yake inafika kwa udhaifu. Basi hapa ndipo penye habari njema: msuli unapojikaza husogeza GLUT4 ukutani kwa amri nyingine kabisa. Kalsiamu inayomwagika ndani ya seli wakati wa kujikaza, pamoja na kimeng'enya AMPK kinachohisi kwamba nishati inapungua, hufanya kazi hiyo hata insulini isipoongezeka. Mtu ambaye insulini yake haisikilizwi vizuri bado anaweza kuingiza sukari msulini kwa kupanda mlima.

Hilo hutokea ndani ya dakika, na halihitaji jeni yoyote iwashwe. Jeni huingia baadaye.

Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini, na karibu kila seli ya mwili inazo zote. Seli ya jicho na seli ya paja zinatofautiana kwa sababu kila moja inasoma kurasa zake. Mwingereza Conrad Waddington alilipa somo hili jina la epijenetiki mwaka 1942, wakati muundo wa DNA ulikuwa bado haujajulikana. Leo tunajua zana kadhaa za udhibiti huo. Kuna vikundi vya methili vinavyobandikwa juu ya DNA, ambavyo vikiwa mwanzoni mwa jeni aghalabu huipunguzia kusomwa. Kuna protini za histoni ambazo DNA imezungushiwa, zikikaza jeni haifikiki, zikilegea inafikika. Kuna vipande vidogo vya RNA vinavyouzuia ujumbe ulionakiliwa kutoka kwenye jeni kabla haujageuzwa protini. Na kuna protini zinazokwenda moja kwa moja kwenye jeni fulani na kuishurutisha isomwe.

Tuichukue jeni ya GLUT4 yenyewe, maana ndiyo iliyochunguzwa kwa karibu. Wakati wa mapumziko, kimeng'enya kiitwacho HDAC5 hukaa ndani ya kiini cha seli kikiwa kimeishika MEF2, protini ambayo kazi yake ni kuwasha jeni hiyo. Mtu akiendesha baiskeli kwa saa moja, HDAC5 hutolewa nje ya kiini. MEF2 hubaki huru, histoni hulegea, na nakala za ujumbe wa GLUT4 huanza kupanda katika saa zinazofuata. Kesho yake nakala hizo zimekwisha kurudi karibu na zilipokuwa. Lakini protini iliyotengenezwa kutokana nazo hudumu muda mrefu zaidi kuliko ujumbe wenyewe, kwa hiyo zoezi la pili likija kabla ya faida ya kwanza kuisha, kiasi cha GLUT4 hupanda kidogo kidogo. Mazoezi ya wiki kadhaa ni jumla ya miripuko mingi mifupi ya namna hii. Kadhalika, unyeti wa msuli kwa insulini baada ya zoezi moja hubaki juu kwa saa 24 hadi 48 hivi, na ndiyo sababu miongozo ya kisukari inashauri mtu asipitishe siku mbili mfululizo bila kuushughulisha mwili. Ushauri huo, unaosikika kama nidhamu ya mwalimu wa michezo, umetoka kwenye maisha mafupi ya ujumbe na protini.

Jeni nyingine ambayo msomaji ataikuta kila mahali ni ile ya PGC-1α, iliyogunduliwa mwaka 1998 katika maabara ya Bruce Spiegelman huko Boston. Ndiyo msimamizi wa utengenezaji wa mitokondria, viwanda vya nishati vya seli. Mwaka 2012 Romain Barrès, Juleen Zierath na wenzao walionyesha kwamba zoezi moja tu huondoa baadhi ya methili mwanzoni mwa jeni hii katika msuli wa binadamu, na kwamba zoezi kali huziondoa zaidi kuliko lile jepesi. Walijaribu pia kafeini kwenye misuli ya panya iliyotolewa mwilini, wakaona mabadiliko yanayofanana. Magazeti yakadaka hiyo ya kahawa na kuiacha ya baiskeli. Kiwango cha kafeini kilichotumika maabara hakifikiki kwa vikombe vya kahawa chungu hata ukae barazani mpaka usiku wa manane.

Sasa tuilete hedhi. Kwa kawaida ukomo wa hedhi huja karibu na miaka 50 au 51, na huhesabiwa kuwa umetimia mwanamke akipitisha miezi 12 bila kuona siku zake. Ovari zinapoacha kutoa estrojeni, kuna jambo moja ambalo wasomaji wengi hawalitegemei: estrojeni yenyewe ni kidhibiti cha jeni. Huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, na wawili hao hukaa juu ya DNA na kubadilisha usomaji wa jeni nyingi. Vipokezi hivyo vipo msulini, kwenye ini, kwenye mafuta na kwenye kongosho. Kwa maneno mengine, ukomo wa hedhi ni tukio la udhibiti wa jeni kwa mwili mzima, si habari ya kizazi peke yake. Panya walioondolewa kipokezi cha estrojeni cha aina ya alfa, kama Paul Heine na wenzake walivyoonyesha mwaka 2000, hunenepa na seli zao huacha kuitii insulini ipasavyo, majike kwa madume.

Kwa wanawake, ushahidi mashuhuri ulipatikana pasipokusudiwa. Utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kama Women's Health Initiative uliwapa maelfu ya wanawake vidonge vya estrojeni na projestini, au vidonge visivyo na dawa. Ulisimamishwa kabla ya wakati mwezi Julai 2002 kwa sababu ya madhara, yakiwemo saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Wachambuzi waliporudi kwenye takwimu, walikuta kwamba waliotumia homoni walipata kisukari kwa uchache wa takriban asilimia 21 ikilinganishwa na wenzao. Hakuna mwongozo wa maana unaoshauri kumeza homoni ili kuzuia kisukari, na ni sawa kabisa, kwani bei yake ni kubwa. Lakini kwa mwanasayansi lile lilikuwa jibu: estrojeni ilikuwa inafanya kitu kwenye sukari.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kusema kwamba ukomo wa hedhi huleta kisukari. Naomba msomaji apunguze mwendo. Utafiti wa SWAN, unaowafuatilia wanawake wa Marekani wa asili mbalimbali tangu mwaka 1996, ulilichunguza jambo hili kwa kuangalia mwaka hasa wa hedhi ya mwisho. Lehemu mbaya ilipanda kwa kasi karibu na mwaka huo. Sukari haikufanya hivyo. Ilipanda polepole, kama umri unavyopanda. Panya hunyang'anywa estrojeni kwa siku moja, ilhali mwanamke huipoteza kwa miaka, na katika miaka hiyohiyo anazeeka, msuli unapungua, mafuta yanahama kutoka makalioni na mapajani kwenda tumboni, na pengine majukumu yake yanamkalisha kitini zaidi. Kuitenga hedhi na umri ni kazi ngumu, na makala nyingi huivuka kimyakimya.

Wafini walipata njia nzuri ya kuitatua sehemu yake. Chuo Kikuu cha Jyväskylä kiliwatafuta mapacha wanaofanana, wote wamekoma hedhi, mmoja akitumia tiba ya homoni kwa miaka na mwenzake hatumii. Umri uleule, jeni zilezile. Aliyetumia homoni alielekea kuwa na nguvu zaidi ya msuli na mwendo wa kasi zaidi, na kundi hilo la watafiti likaendelea kuchimba tofauti za usomaji wa jeni ndani ya misuli yao. Mapacha wa Jyväskylä na miguu ya Stockholm ni ndugu wa wazo moja: mtafute mtu anayeweza kulinganishwa na nafsi yake.

Na mazoezi je? Hapa ushahidi umejaa, na kwa upande wa mafanikio ya mwili hauna utata mkubwa. Jaribio la DREW lililofanyika Dallas, Texas, na kuchapishwa mwaka 2007, liliwahusisha wanawake 464 waliokoma hedhi, wenye uzito uliozidi na shinikizo la damu lililopanda, waliokuwa hawafanyi mazoezi. Kundi la chini lilifanya mazoezi dakika 72 hivi kwa wiki, yaani takriban nusu ya kiwango kinachoshauriwa. Baada ya miezi sita hata kundi hilo lilikuwa limeongeza uwezo wa moyo na mapafu kwa asilimia 4.2, na lililofanya zaidi lilifika asilimia 8.2. Uzito haukutofautiana kati ya makundi. Nalirudia hilo kwa makusudi, kwa sababu mizani ndiyo inayowakatisha tamaa akina mama wengi: wanatembea mwezi mzima, mshale wa mizani haujasogea, wanaacha. Yale mambo ya GLUT4 na HDAC5 niliyoyaeleza hayasomeki kwenye mizani.

Huko Copenhagen, watafiti wakiongozwa na Ylva Hellsten waliwaweka bega kwa bega wanawake waliokaribia kukoma hedhi na waliokwisha kukoma, umri ukikaribiana, wakawapa mazoezi makali ya baiskeli za ndani kwa miezi mitatu. Pande zote mbili zilinufaika. Mazoezi hayakuuliza hedhi ilikoma lini. Na katika Mpango wa Kuzuia Kisukari wa Marekani, uliotangaza matokeo mwaka 2002, kubadili chakula na kutembea dakika 150 kwa wiki kulipunguza kisukari kwa asilimia 58, ilhali dawa ya metformin ilipunguza kwa asilimia 31. Waliokuwa na miaka 60 na zaidi ndio walionufaika kuliko wote kwa mabadiliko ya maisha: asilimia 71.

Kuna utafiti mdogo ninaoupenda kwa unyenyekevu wake. Mwaka 2013 Loretta DiPietro na wenzake waliwaalika wazee kumi tu, wenye sukari iliyo karibu na mpaka, wakae katika chumba kinachopima kila pumzi. Siku moja walitembea dakika 45 asubuhi, siku nyingine dakika 15 baada ya kila mlo. Matembezi mafupi baada ya milo yaliituliza sukari ya saa 24 sawasawa na yale marefu ya asubuhi, na kwa sukari ya baada ya chakula cha jioni yalikuwa bora zaidi. Watu kumi hawatoshi kuandikia sera. Wanatosha kumfanya mtu ainuke mezani.

Kinachokosekana ni kiungo cha kati. Tuna wanawake waliokoma hedhi ambao sukari yao imepungua kwa mazoezi. Tuna vijana na wanaume ambao alama za DNA zao zimebadilika kwa mazoezi. Utafiti wa Lund wa mwaka 2013 kuhusu mafuta ya mwilini, unaonukuliwa kila mahali, ulikuwa wa wanaume. Watafiti waliofuata yote mawili kwa mwanamke mmoja, msuli wake na sukari yake, kabla na baada, ni wachache, na hata hao mara nyingi hawawezi kuthibitisha kwamba alama ile ndiyo iliyoishusha sukari. Alama na sukari zinaweza kuwa zimebadilika pamoja kwa sababu ya kitu cha tatu.

Sababu mojawapo ni sindano. Ili kusoma jeni za msuli lazima uupate msuli. Daktari hutia ganzi ngozi ya paja, hupasua kitundu cha nusu sentimita, kisha huingiza sindano nene ya Bergström, iliyoanza kutumika kwa kazi hii miaka ya 1960. Mtu husikia kitu kinasukuma, kisha mkazo wa ajabu msuli unapokatwa. Kinachotoka kina ukubwa wa punje ya maharage, chekundu kilichokolea, na ndani ya sekunde kinapaswa kuwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, la sivyo RNA yake itaanza kuharibika. Wengi hukubali mara moja. Mara ya tatu husema wana safari. Basi watafiti hukimbilia damu, ambayo ni rahisi kuteka, na makala hutoka yakidai kwamba "mazoezi yalibadilisha methili". Msomaji aulize palepale: methili za wapi? DNA inayosomwa kutoka damuni ni ya chembe nyeupe, na chembe nyeupe hazisafirishi sukari ya mlo wako.

Sababu ya pili ni kwamba taaluma imezoea mwanamke wa aina moja: anayekaa ofisini Ulaya au Marekani, ambaye mazoezi kwake ni kitu cha kuongezewa. Karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walihesabu saa za kazi za Wahadzabe na mwaka 1989 wakaandika kuhusu mabibi waliopita umri wa kuzaa. Mabibi hao walichimba mizizi kwa vijiti vilivyochongwa, kwenye ardhi ngumu yenye mawe, kwa saa nyingi kuliko wanawake vijana, na baadaye ikaonekana kwamba mama akiwa na kichanga, uzito wa watoto wake wakubwa ulifuata juhudi za bibi. Kutokana na hapo likaja wazo kwamba maisha marefu ya mwanamke baada ya uzazi yaliendelezwa na kazi hiyo ya mabibi. Wazo hilo bado linajadiliwa, hasa tangu mwaka 2023, pale sokwe wa Ngogo katika msitu wa Kibale, Uganda, walipoonyesha nao kwamba wanakoma kuzaa na kuendelea kuishi, ingawa mabibi wa sokwe hawaishi na kulea watoto wa binti zao.

Kwa taaluma yetu, Wahadzabe wanageuza swali. Vipimo vya mapigo ya moyo vimeonyesha kwamba wanafanya shughuli za kutoa jasho kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, ambapo sisi wengine tunabembelezwa tutimize dakika 150 kwa wiki. Huenda basi msuli unaofanya kazi ndio hali ya kawaida ya mwanamke wa miaka 60, na ule uliokaa kitini ndio mabadiliko yanayohitaji maelezo. Tukilikubali hilo, majaribio yetu yote yamekuwa yakipima kurudi nyumbani, na kundi tunaloliita la ulinganisho ndilo lililosafiri. Nalitoa kama pendekezo la mtafiti, na silidai kuwa limethibitishwa.

Atakayeifanya kazi hii Afrika Mashariki, kwa mkulima wa jembe la mkono Singida au muuza samaki Mombasa, atakutana kwanza na tatizo la kipimo. Majaribio mengi hutegemea HbA1c, kile ambacho kliniki zetu huita sukari ya miezi mitatu, kinachosoma kiasi cha sukari kilichoshikamana na himoglobini ya chembe nyekundu katika uhai wake wa siku 120 hivi. Penye selimundu, hata kwa anayebeba jeni yake bila kuugua, kipimo hiki kinaweza kusoma chini kuliko ukweli, na jeni hiyo imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Upungufu wa madini ya chuma nao aghalabu hukipandisha, na mwanamke anayekaribia kukoma hedhi mara nyingi huvuja damu nyingi. Hedhi ikikoma, chuma chake hurejea na HbA1c inaweza kushuka bila sukari yenyewe kubadilika hata kidogo. Mtafiti asiyelijua hilo atayasifu mazoezi kwa kazi iliyofanywa na chuma. Kwa hiyo kabla ya sindano ya Bergström na mashine za kusoma DNA, apime wingi wa damu, apime aina ya himoglobini, achukue sukari ya asubuhi kabla ya kula, kisha ampe mshiriki gramu 75 za glukosi na kumpima tena baada ya saa mbili.